Kasha Linalong'ang'ania Diski: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu makasha ya filamu za kutazama nyumbani: DVD, Blu-ray na 4K. Maneno machache kwanza, tusije tukapishana. Kasha ni plastiki, kadibodi au bati linalobeba diski. Kava ni karatasi iliyochapwa picha ya filamu. Kitovu ni kile kiduara chenye meno katikati ya kasha, kinachoshika tundu la diski. Deki ni mashine ya kuchezesha.

## Kulijua kasha

1. Kwa nini kasha la DVD ni refu namna hii wakati diski yenyewe ni ndogo?

Diski ina kipenyo cha milimita 120. Kasha la kawaida lina urefu wa mm 190, upana wa mm 135 na unene wa mm 14. Upana unaeleweka, urefu ule wa ziada ni kwa faida ya duka. DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, rafu za maduka zilikuwa zimepimwa kwa kanda za VHS, na kasha jipya likapewa kimo kinachokaribiana na cha kanda. Blu-ray ilipofika mwaka 2006, kasha likapunguzwa hadi karibu mm 171. Ndiyo maana rafu yenye vyote viwili hainyooki hata uipange vipi. Dawa ni kuvitenganisha.

2. Nitajuaje kasha langu ni la aina gani, na lipi ni baya zaidi?

Lipinde kidogo pembeni. Likikubali kupinda na kurudi, ni polipropilini, plastiki laini ya makasha mengi ya DVD na Blu-ray. Likiwa gumu, linang'aa kama kioo na linalia "ta" ukiligonga kwa kucha, ni polistirini, yale makasha ya CD ambayo VCD nyingi zilikuja nayo. Hilo likianguka sakafuni mara moja tu, masikio ya bawaba yanakatika.

Kuna la kadibodi lenye mdomo wa plastiki unaobana upande mmoja. Kampuni ya Warner ililitumia sana hadi katikati ya miaka ya 2000. Kingo zake huchakaa na kuota manyoya. Kuna la kadibodi lenye sinia la plastiki lililogundishwa ndani: zuri kwa macho, ila meno ya sinia yakikatika huna la kubadilisha, kwa kuwa sinia na kadibodi ni kitu kimoja. Kuna la bati (swali la 20). Baya kuliko yote ni lile la seti, lenye mifuko ya kadibodi ambamo diski huchomekwa bila kitovu. Hilo lina majibu yake kuanzia swali la 12.

3. Kasha langu lina matundu makubwa kwa ndani. Limevunjika?

Hapana, limetengenezwa hivyo. Viwanda viliondoa plastiki nyuma ya kava ili kasha liwe jepesi, na wakaliita la kulinda mazingira. Tatizo ni kwamba kava halina tena kitu cha kuliegemea. Kidole kikibonyeza pale, karatasi inabonyea au kutoboka, na likipigwa kwenye mzigo pembe ya kasha jingine inaingia moja kwa moja hadi kwenye diski. Ukinunua makasha matupu ya kubadilishia, chagua yaliyoziba nyuma. Huu ni ubahili uliovikwa nguo ya kijani.

## Kulifungua

4. Nailoni ya nje naitoaje bila kukwaruza kasha?

Kwanza angalia ni nailoni ya aina gani. Iliyokunjwa kama ya pakiti ya sigara ina mikunjo ya pembetatu juu na chini. Ingiza kucha chini ya mkunjo, siyo mahali pengine, na uvute. Gundi ya pale ni hafifu makusudi. Kama kuna uzi mwembamba wa kuchania, ncha yake hujificha karibu na mgongo wa kasha.

Iliyobanwa kwa moto haina mkunjo, ina mshono tu. Hapa wengi hukimbilia kisu, na kisu hukata vitu viwili kwa mkupuo: nailoni, na ile plastiki angavu inayofunika kava. Badala yake sugua kona moja ya juu kwenye ukingo wa meza mpaka nailoni ipasuke, kisha chana kwa mkono. Ukilazimika kutumia wembe, pitisha ncha yake kwenye mfereji wa upande unaofunguka, mahali nusu mbili za kasha zinapokutana. Pale chini yake kuna plastiki tupu, hakuna kava.

5. Nimetoa nailoni, na bado kasha limefungwa kwa stika pande tatu. Hizi ni za nini?

Ni za kumzuia mwizi asitoe diski dukani na kuacha kasha tupu. Hukaa juu, chini na upande unaofunguka, hasa kwenye DVD za soko la Marekani. Mteja aliyelipa ndiye anayehangaika nazo.

Zinatoka vizuri kwa joto na subira. Elekeza draya ya nywele kwenye stika kwa sekunde 20 hadi 30. Kama huna, laza juu yake chupa ya plastiki yenye maji ya moto kwa dakika moja. Inua ncha kwa kucha, kisha uikunje stika ijirudie yenyewe na uivute ikiwa imelala, sambamba na kasha. Ukiivuta kwa kuinyanyua wima, tabaka la juu linaachana na la chini, unabaki na uzi mkononi na utando mweupe kwenye kasha. Ikianza kuchanika, iache upande huo, anza ncha ya pili.

6. Gundi imebaki na inanata vumbi. Niisafishe na nini?

Mafuta ya kupikia. Toa kwanza diski na kava, maana mafuta yakiingia chini ya plastiki angavu yatalowesha karatasi na doa halitoki tena. Paka tone kwa pamba, acha dakika kumi, sugua kwa kidole, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Kausha kabisa kabla ya kurudisha kava.

Petroli, thina na asetoni ya kutolea rangi ya kucha ziweke mbali. Kwenye plastiki angavu huacha ukungu, na zikigusa diski ni hasara kubwa zaidi: polikaboneti ya diski hupauka na kuchanika nyufa ndogondogo.

7. Nimefika nyumbani, kasha liko ndani ya kasha jingine lenye kufuli.

Mhudumu wa duka amesahau kulitoa. Rudi na risiti. Kufuli hizi hufunguliwa kwa sumaku maalumu ya dukani, na ukilazimisha kwa bisibisi kitakachotangulia kuvunjika ni kasha la filamu. Kile kiplastiki chembamba cheupe kilichogundishwa *ndani* ya kasha nacho ni cha kengele ya mlangoni. Hakidhuru diski, kwa kuwa diski husomwa kwa mwanga na sumaku haiigusi kitu.

## Kutoa na kurudisha diski

8. Kwa nini diski inang'ang'ania kwenye kitovu kiasi hiki?

Tundu la diski lina kipenyo cha mm 15. Meno ya kitovu yakikunjuka huwa mapana kidogo kuliko hapo, na kila jino lina kijipembe kinachokaa juu ya ukingo wa tundu. Kiwandani diski hubandikwa na mashine, kisha makasha husafirishwa kwa maelfu, yanatupwa, yanarundikwa. Mtengenezaji anaogopa diski itakayochomoka njiani na kurudishwa na mteja kuliko anavyoogopa diski itakayopindwa na mteja huyohuyo sebuleni. Kwa hiyo meno hukazwa kupita kiasi.

9. Njia sahihi ya kuitoa ni ipi?

Liweke kasha mezani, limefunguka kabisa, limelala. Hili ndilo watu wanaloruka. Ukilishika hewani, sakafu ya kasha inabonyea chini ya kidole, kitovu kinafuata, na meno hayafungi.

Kisha bonyeza kitovu kwa kidole gumba cha mkono mmoja mpaka usikie meno yameingia ndani. Kidole kikiwa bado kimebonyeza, shika ukingo wa diski kwa vidole viwili vya mkono wa pili, kimoja huku na kingine upande wa pili, na uinue sawasawa. Diski inatakiwa ipande juu ikiwa bapa kama sahani. Ukiona katikati imebaki chini na kingo zinapanda, acha. Bonyeza tena kitovu.

DVD ni vipande viwili vya polikaboneti, kila kimoja mm 0.6, vilivyobandikwa pamoja na data ikiwa katikati. Kuipinda kunavuta ule ubandiko. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2003, unasisitiza jambo hilihili: bonyeza kitovu, usipinde diski, shika ukingo au tundu.

Wakati wa kurudisha, usisukume kingo. Weka tundu juu ya kitovu na ubonyeze kwa vidole viwili kwenye duara la ndani lisilo na picha, mpaka lilie.

10. Kuna ufa mdogo unaoanzia kwenye tundu. Bado inacheza. Niendelee?

Iangalie kwenye mwanga. Duara la ndani kabisa ni plastiki angavu isiyo na data. Ufa ukiishia humo diski itacheza kama kawaida, ila ufa haukai mahali pamoja. Ndani ya deki diski huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika inaposoma sehemu za karibu na tundu, na pale pale katikati ndipo mashine inapoibana. Kila mzunguko unauongeza ufa.

Usiiweke kwenye kompyuta. Kompyuta ikiamua kusoma kwa kasi ya juu huzungusha mara kadhaa zaidi ya deki, na diski yenye ufa inaweza kupasuka vipande ndani yake. Kama unaithamini filamu hiyo, tafuta nakala nyingine ungali unayo hii. Gundi ya aina yoyote kwenye ufa inaharibu mizani ya diski, usijaribu.

11. Nimenunua mpya, nikatikisa kasha, diski inalia ndani.

Usiifungue. Diski imechomoka njiani na inaelea, na yawezekana meno yamekatika. Vipande vya meno ndivyo hatari: ni vidogo, vina ncha, na vimekuwa vikisugua uso wa diski safari nzima. Rekodi mlio wake kwa simu nailoni ikiwa haijaguswa, kisha mwandikie muuzaji.

Kama umeshafungua, geuza kasha juu chini ukigonga polepole ili vipande vitoke, na uhesabu meno. Pulizia diski, usiifute kwanza. Ukifuta huku kipande kimenasa kwenye kitambaa, unachora. Kwenye Blu-ray una bahati kidogo. Data yake iko mm 0.1 tu kutoka kwenye uso, na kwa sababu hiyo rekoda za kwanza za Sony za mwaka 2003 zilitumia diski zilizofungiwa ndani ya kijisanduku. Baadaye ukapatikana mpako mgumu wa juu, kijisanduku kikaachwa, na mpako huo unastahimili misuguano ambayo DVD isingestahimili.

## Seti, sanduku na mifuko

12. Kwa nini diski za seti zinatoka na mikwaruzo hata kabla ya kutazamwa?

Kadibodi ni mbao iliyosagwa. Ina nyuzi, ina vumbi la kukatwa, na diski inapovutwa kutoka kwenye mfuko uliobana, uso wake wote unapita juu ya hivyo vitu. Mikwaruzo hiyo utaijua kwa umbo: mistari iliyonyooka, sambamba, yenye mwelekeo mmoja, tofauti na ile ya vidole ambayo huenda ovyo.

Kibaya zaidi ni gundi. Mifuko hubandikwa kwa gundi, na ikimwagika kidogo kwa ndani inaacha ukanda unaonata kwenye uso wa diski, upana wa kama unyasi. Deki inafika hapo, picha inaganda. Kwa gundi hiyo tumia pamba yenye spiriti ya aina ya isopropili, ukifuta kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe. Mkwaruzo unaokatiza njia ya data hupoteza nukta chache na deki inajazia. Unaofuata njia hiyo hupoteza kipande kirefu mfululizo.

13. Ninawezaje kutoa diski kwenye mfuko bila kuikwaruza?

Bana kingo za mfuko kwa kidole gumba na cha kati ili mdomo wake ufumbuke kama samaki, kisha inamisha mpaka diski iteleze yenyewe na uipokee kwa ukingo. Usiingize vidole. Isipoteleza, mfuko umebana mno. Fanya hivi mara moja ya mwisho, na usiirudishe humo (swali la 15).

14. Diski mbili zimepandana, ya chini siifikii bila kutoa ya juu. Nyingine zimekaa kwenye vifundo vya sponji. Hizi nazo vipi?

Za kupandana ni kero tu, siyo hatari, mradi usijaribu kuchomoa ya chini kwa kuipitisha ubavuni. Toa zote, rudisha moja.

Za sponji ni habari nyingine. Sponji huzeeka, hasa kwenye joto. Inakuwa kama asali, inaganda kwenye ukingo wa tundu, na vipande vyake hufuata diski hadi ndani ya deki. Hamisha diski hizo leo, na uondoe mabaki kwa spiriti ileile ya swali la 12.

15. Nataka kuhamishia seti kwenye makasha ya kawaida. Ninunue yapi, na kava nitapata wapi?

Hesabu diski. Kasha la mm 14 lenye ukurasa wa kati linabeba hadi 4. La mm 22 linabeba 6 hadi 8. Tamthilia ya vipindi 24, vinne kwa diski, ina diski 6, hivyo kasha moja la mm 22 linatosha msimu mzima. Kabla ya kununua mengi nunua moja ujaribu kitovu chake. Bei rahisi mno huja na meno ya swali la 8.

Kava la kasha la mm 14 lina upana wa mm 273 na urefu wa mm 183. Kwa kasha la mm 22 ongeza tofauti ya mgongo: mm 281. Yote mawili yanaingia kwenye karatasi ya A4, ambayo ni mm 297 kwa 210. Stationeri waambie wachape kwa asilimia 100. Kompyuta nyingi huanza na mpangilio wa kubana picha iingie kwenye ukurasa, na kava linatoka likiwa fupi kwa milimita kadhaa, linacheza ndani ya plastiki. Sanduku la asili usilitupe; likunje uliweke, kwa kuwa bila hilo thamani ya seti inashuka ukitaka kuiuza.

16. Bahasha za nailoni zinafaa?

Inategemea nailoni. Za polipropilini ni sawa. Za PVC, zile laini zenye harufu ya pazia jipya la bafu, zina vilainishi vinavyotoka polepole na kuganda kwenye uso wa diski kama ukungu wa mafuta, na diski iliyokaa humo miaka huinuka na bahasha yake. Filamu nyingi za mtaani, zile za kumi ndani ya diski moja, huuzwa ndani ya nailoni ya namna hii. Tena zile ni diski za kuchoma: data imeandikwa kwenye rangi, na rangi hupauka juani. Mfuko angavu dirishani unaziua kwa njia mbili.

## Maandishi, alama na migongo

17. Nimeagiza filamu, deki inasema haiwezi kuicheza. Kasha halikusema kitu?

Lilisema, kwa herufi za kimo cha sisimizi, nyuma, chini, pembeni mwa alama ya mistari. Tafuta kidunia chenye namba katikati: ni namba ya eneo la dunia ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko eneo la 5. Oman na nchi za Ghuba ziko eneo la 2, pamoja na Ulaya, Japani na Afrika Kusini. Marekani na Kanada ni 1. Kwa hiyo zawadi ya ndugu kutoka Muscat na ile ya ndugu kutoka Toronto zote zinaweza kukataliwa na deki ya Tanga, kila moja kwa sababu yake. Neno ALL au 0 maana yake inacheza popote.

Blu-ray ina herufi badala ya namba: A, B au C. Afrika, Ulaya na nchi za Kiarabu ni B, Marekani na Japani ni A. Filamu za 4K kwa kawaida hazina kizuizi hicho. Deki nyingi za bei nafuu hazijali eneo hata kidogo. Hilo halimwondolei lawama aliyeamua kwamba taarifa inayoamua kama kitu kitafanya kazi iwe ndogo kuliko jina la mtengeneza nywele wa mwigizaji.

18. Diski yangu haina picha upande wowote. Nitajuaje upande wa juu?

Ni ya pande mbili. Maandishi yako kwenye duara jembamba kuzunguka tundu, na yanahusu upande unaoyasoma ukiwa umeelekea *juu*. Deki inasoma ule wa chini. Wengi huelewa kinyume, ndipo wanapopata sehemu ya pili ya filamu kabla ya ya kwanza. Diski hizi hazina upande wa kulalia, hivyo zisiwekwe mezani hata kwa dakika moja.

19. Kwa nini migongo ya makasha haisomeki upande mmoja, na yale ya Ujerumani yana nembo kubwa ya rangi mbele?

Waingereza na Wamarekani huandika mgongo kutoka juu kwenda chini, Wafaransa kutoka chini kwenda juu. Changanya rafuni, shingo itakuuma.

Nembo ya Ujerumani ni ya umri wa mtazamaji. Tangu mwaka 2008 sheria inataka iwe mbele, chini kushoto, na isipungue milimita za mraba 1,200. Wakusanyaji wa filamu walilalamika, na wachapaji wakaanza kuchapa kava pande mbili: toa karatasi, igeuze, urudishe, nembo imeenda ndani. Jaribu kabla ya kununua kava jingine. Stempu ya kodi ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ambayo filamu na muziki vilianza kubandikwa mwaka 2013, haina ujanja wa namna hiyo. Ikiwa imekaa juu ya nailoni, inaondoka na nailoni.

## Unyevu, joto na safari

20. Naishi pwani. Kava linaota madoa na kasha la bati linaota kutu.

Ule mwongozo wa NIST unataka diski zikae kwenye nyuzijoto 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja haziko huko, basi tufanye linalowezekana. Simamisha makasha kama vitabu, usiyalaze. Yaachie nafasi ya kidole kati ya rafu na ukuta wa nje, maana ukuta huo ndio unaotoa jasho. Vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vinasaidia ndani ya sanduku lisilopitisha hewa tu. Kwenye rafu wazi vinajaa unyevu mapema na kubaki mapambo.

Kuvu juu ya diski yenyewe huoshwa: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, na kipande cha kanga kuukuu ambacho wanga wake umeshaisha kwa kufuliwa. Kanga mpya ni ngumu, inachora. Futa kutoka katikati kwenda nje.

Bati huota kutu mahali palipochubuka, na upepo wa bahari hauhitaji mwaliko. Livalishe mfuko wa polipropilini siku ileile unapolifungua. Ile karatasi ya maelezo iliyobandikwa nyuma kwa matone ya gundi ipashe joto kama stika ya swali la 5, kisha viringisha matone kwa kidole mpaka yaachie.

21. Nawatumia wazazi filamu kwa posta. Nifungeje?

Toa diski kwenye kitovu. Itie kwenye bahasha laini ya polipropilini, uichomeke nyuma ya vile vishikizo vya upande wa kushoto vilivyowekewa kijitabu. Mshtuko wa njiani ndio unaokata meno, na meno yasiyobeba kitu hayakatiki kirahisi. Nje tumia boksi, siyo bahasha ya sponji. Bahasha huzuia mikwaruzo, haizuii mfuko wa kilo ishirini uliowekwa juu yake. Na usikubali ushauri wa kuziba diski kwa selotepu, hata "kidogo tu pembeni".

22. Kasha lenyewe linaweza kuozesha diski?

Liliwahi kutokea kwa CD za muziki. Kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kilizalisha kati ya mwaka 1988 na 1993 diski ambazo varnishi yake haikuhimili salfa iliyokuwemo kwenye karatasi za vijitabu vya kava. Diski ziligeuka rangi ya shaba, kuanzia ukingoni kwenda ndani, zikaacha kucheza. DVD ina data katikati ya vipande viwili, kwa hiyo karatasi haiifikii kirahisi hivyo. Ukiona DVD ina mawingu yanayoingia kutoka ukingoni na haijawahi kupindwa, lawama ni ya ubandiko wa kiwandani.

23. Ndani ya kasha kuna karatasi yenye namba ndefu ya kupakua filamu. Bado inafanya kazi?

Ikiwa imeandikwa UltraViolet, huduma hiyo ilifungwa tarehe 31 Julai 2019. Nyingine huwa na tarehe ya mwisho kwa herufi ndogo chini, na nyingi zilifungiwa nchi ilikouzwa filamu. Karatasi yenyewe itoe: mara nyingi imekunjwa mara mbili, na unene wake ndio unaosukuma kifuniko cha kasha kisifunge vizuri.